Jini Ndani ya Chupa: Tunanunua Kinywaji au Tunanunua Chupa?

Najua nimepotea. Kazi za chumba cha habari hazina huruma, na juu ya hayo nilibanwa na kamati ya harusi ya binamu yangu kwa miezi mitatu. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Wale msiotumia kilevi naomba msiondoke, maana habari yenyewe siyo ya ulevi. Ni habari ya fedha zenu, ya macho yenu (nitaeleza huko mbele), na ya waandishi wa habari wanaopewa "nauli" ili wawapambie bidhaa za watu. Mmoja wa waandishi hao ni mimi.

Nianze na kamati. Nilipewa vinywaji. Sababu waliyoitoa ni kwamba "huyu mwandishi anajua mambo". Basi nikakabidhiwa kifungu cha vinywaji vikali, fedha za michango ya watu, wengine wametoa elfu ishirini ishirini kwa kujinyima. Kikao cha nne tukafika kwenye jini. Marafiki wa bwana harusi walitaka jini na tonik, eti bia na whisky zimeshazoeleka.

Mwenyekiti wetu ni shangazi mmoja mtu mzima, hajawahi kuonja hata bia. Akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa vizuri. "Mwanangu, si wewe uliyeandika hii? Umesema hapa ni jini ya kisasa, ya hadhi ya kimataifa. Basi tununue hii, tusihangaike."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ni kweli niliandika mimi. Miaka miwili nyuma tulialikwa hotelini kwenye uzinduzi wa kinywaji hicho. Tukala, tukanywa, tukapiga picha na chupa ya rangi ya waridi, na wakati wa kuondoka kila mwandishi akapewa mfuko: ndani yake chupa moja na bahasha ya nauli. Kesho yake nikaandika aya nane za sifa. Lebo sikuisoma. Narudia, wadau: niliandika aya nane juu ya chupa ambayo sikusoma lebo yake!

Kesho yake baada ya kikao nikaenda supamaketi moja maeneo ya Mikocheni, nikasimama mbele ya shelfu la vinywaji vikali na kalamu na daftari kama niko kazini. Mlinzi aliniangalia kwa jicho la mashaka. Nikaichukua ile chupa yangu ya hadhi ya kimataifa, nikaigeuza. Kwa mbele, neno jini limeandikwa kubwa kama bango la barabarani. Kwa nyuma, kwa maandishi ya sisimizi: likeri. Kilevi: asilimia 20.

Sasa tuelewane. Jini ni pombe kali iliyotiwa ladha ya vitunda vya junipa, na ladha hiyo ndiyo inayotakiwa kutawala. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya jini haiwezi kuwa na kilevi chini ya asilimia 37.5. Marekani wanadai 40. Likeri ni kitu kingine: ni kinywaji kilichotiwa sukari nyingi, kwa kawaida si chini ya gramu 100 kwa kila lita. Hakuna ubaya kunywa likeri. Ubaya ni kumuuzia mtu maji ya sukari yenye harufu ya jini kwa bei ya jini, na ubaya mkubwa zaidi ni mwandishi kumsaidia muuzaji.

HESABU YA DARASA LA SITA

Ngoja niwape hesabu niliyoipiga palepale shelfuni. Haihitaji shahada. Chukua ujazo wa chupa, zidisha kwa asilimia ya kilevi, upate mililita za kilevi halisi. Halafu gawanya bei kwa jibu hilo. Bei zinapanda na kushuka kila wiki, kwa hiyo chukueni hizi kama mfano wa siku ile tu.

Chupa ya kwanza ni ile ya waridi: mililita 700, asilimia 20, shilingi 38,000. Ina mililita 140 za kilevi. Kila mililita ni shilingi 271.

Chupa ya pili ni jini ya nje ya kawaida: mililita 700, asilimia 40, shilingi 45,000. Ina mililita 280. Kila mililita ni shilingi 161.

Chupa ya tatu nayo ni ya nje: mililita 750, asilimia 43, shilingi 48,000. Ina mililita 322 na nusu. Kila mililita ni shilingi 149.

Chupa ya nne ni yetu ya hapahapa: mililita 750, asilimia 35, shilingi 18,000. Ina mililita 262 na nusu. Kila mililita ni shilingi 69.

Mmeona? Ile ya waridi, ambayo kwa macho ndiyo iliyokuwa nafuu kuliko zote za nje, ndiyo GHALI kuliko zote. Na ile ya 48,000, ambayo mtu angeiruka kwa kuogopa bei, ni nafuu kuliko ya 45,000. Mililita 700 na 750 zinafanana machoni, lakini ni mililita 50 zinazopotea kimyakimya. Bei ya kwenye shelfu haisemi uongo, ila haisemi yote.

Najua kuna mtu atasema, "Kumbe kaka unatufundisha kulewa kwa bei poa!" Hapana. Kilevi ndicho kitu ghali kilichomo ndani ya hiyo chupa. Kingine kilichobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Anayenunua sukari anajua kilo. Anayenunua mafuta ya taa anajua lita. Kwa nini anayenunua jini aambiwe anunue "hisia"?

TUNALIPIA NINI HASA?

Hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Whisky ya Scotland kwa sheria lazima ikae kwenye pipa la mbao si chini ya miaka mitatu. Ukilipia whisky ya miaka 12, kuna muda umelipia: ghala, pipa, pombe iliyoyeyuka hewani. Jini haingoji. Mtengenezaji anachukua pombe safi isiyo na ladha, anaichemsha upya pamoja na junipa, mbegu za giligilani, maganda ya limau au chungwa na viungo vingine, anakusanya mvuke, anapunguza kwa maji, anajaza chupa. Inaweza kuingia sokoni baada ya siku chache. Kwa hiyo mtu akikuuzia jini kwa bei mara tano ya jirani yake, huo muda hauupati humo. Unalipia viungo kidogo, halafu meli, ushuru wa forodha, VAT, chupa nzito yenye kizibo cha mbao, na tangazo. Na ile bahasha yangu ya nauli, kumbe na yenyewe mliilipia nyie!

Maneno ya kwenye lebo nayo yana maana, tukiyajua. Ukiona imeandikwa London Dry, usidhani lazima imetoka London. Ni jina la njia ya kutengeneza: ladha yote imepatikana kwa kuchemshwa pamoja na viungo, hakuna ladha iliyoongezwa baadaye, na sukari isizidi gramu 0.1 kwa lita. Inaweza kutengenezwa nchi yoyote. Aina nyingine inaruhusiwa kuongezewa ladha baada ya kuchemshwa. Na ya chini kabisa ni pombe iliyochanganywa tu na ladha, bila kuchemshwa upya. Zote tatu zinaweza kukaa shelfu moja, na bei zisifuate daraja hilo hata kidogo. Nimeiona London Dry inauzwa chini ya ile iliyokorogwa, kwa sababu tu chupa yake ni ya kizamani.

Na hawa wanaojidai kwamba jini ni kinywaji cha wastaarabu, wakasome historia. Huko Uingereza karne ya 18 jini ilikuwa pombe ya makabwela, nafuu kiasi kwamba Bunge lilitunga sheria ya kuibana mwaka 1736, likashindwa, likarudi tena na sheria nyingine mwaka 1751. Mwaka huohuo wa 1751 mchoraji William Hogarth alichora picha ya mtaa wa walevi wa jini, mama amelewa mpaka mtoto anamponyoka. Hicho ndicho kinywaji tunachotafutiwa leo glasi ya mfano wa puto na jani la rozimeri. Sawa, mambo hubadilika. Lakini usinitazame vibaya kwa sababu nimeshika Konyagi!

Tuje kwenye hilo. Vijana wenzangu ofisini wakiona Konyagi wanacheka. "Nyagi? Sherehe au kijiweni?" Nami nakubali kwamba kwa sheria za Ulaya Konyagi haiwezi kuitwa jini, kwa sababu asilimia 35 haifiki 37.5. Lakini haidanganyi. Asilimia yake imeandikwa, na mtu anajua anachonunua. Siku moja jioni niliwatilia wenzangu watatu, wale wenye kelele zaidi, glasi mbili mbili bila kuwaonyesha chupa: moja ya kwetu, moja ya nje, zote na tonik, barafu na kipande cha ndimu. Mmoja alipatia. Mmoja alisema zote ni za nje. Wa tatu, yule anayecheka kuliko wote, aliisifia ya kwetu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa kumwonea huruma.

Sisemi hakuna tofauti. Zinywe kavu utaiona. Lakini ukishamwaga tonik na ndimu, tofauti nyingi unayoilipia inazama. Na tonik yenyewe mnaisahau kwenye bajeti! Chupa ya mililita 750 inatoa toti 25 za mililita 30. Kila toti na tonik yake, hata kwa shilingi 1,000 moja, ni 25,000. Yaani tonik imeipita bei ile chupa ya kwetu. Mtu anabishania jini wiki nzima, halafu tonik anaiita "soda tu".

Na kuna jambo linaloniuma hapo. Uchungu wa tonik ni kwinini, kutoka gome la mkwinini. Wajerumani waliupanda mti huo Amani, Usambara, kwenye kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902. Majirani zetu wa Kivu, Kongo, wamekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa gome hilo duniani. Na junipa? Kuna ndugu yake anayeota kwenye milima yetu, Usambara humohumo, Kilimanjaro na Meru, na wakoloni walimkata kwa ajili ya mbao. Ladha mbili za kinywaji hiki zina ukoo mlima mmoja, halafu sisi tunasubiri kontena bandarini tuambiwe ni hadhi ya kimataifa.

UPANDE WA PILI WA URAHISI

Sasa msije mkanielewa vibaya mkadhani nasema rahisi ndiyo nzuri. Turudi kwenye kikao.

Nilipomaliza kusoma hesabu yangu, jamaa mmoja wa upande wa bwana harusi akanyosha mkono. "Kaka, kama ni unafuu, nina mtu. Anazo katoni za jini ya nje, bei nusu. Mzigo umepita mlango wa nyuma, ndiyo maana hauna stempu." Kikao kikachangamka. Mweka hazina akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuanze.

Nikakataa. Wakaniona mnoko. "Si wewe umetoka kutuambia tusilipie chupa?"

Wadau, stempu ya TRA siyo urembo. Tangu mwaka 2019 vinywaji vikali vina stempu za kielektroniki, na kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu: unaielekeza kamera kwenye stempu, inakwambia kama ni halali. Inachukua muda mfupi kuliko kubishana. Chupa isiyo na stempu inaweza kuwa imekwepa kodi tu. Inaweza pia kuwa imejazwa uani kwa mtu, kwenye chupa iliyookotwa, kwa kitu ambacho hakuna anayekijua.

Na kitu hicho kinaweza kuwa methanoli. Ni pombe ya viwandani, inayeyusha rangi, na mjanja anaiongeza kwa sababu ni nafuu. Haina rangi, na harufu yake inakaribiana na pombe ya kawaida. Ukiinywa, mwili wenyewe unaigeuza kuwa sumu, asidi ya fomiki, inayoshambulia mshipa wa macho. Mtu anaweza kulala amelewa kama kawaida, akaamka kesho anaona ukungu, akadhani ni hangova. Wengine hawaoni tena. Wengine hawaamki. Nairobi mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya sumu. Kabale, Uganda, mwaka 2010, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Na yale maneno ya kijiweni kwamba uwashe kiberiti uangalie rangi ya moto, achaneni nayo. Methanoli ikichanganywa na pombe ya kawaida, moto hautakwambia ukweli. Ukiona mtu amekunywa kisha macho yanamfifia, tumbo linamkata na anahema kwa shida, usimpe maziwa wala supu. Mkimbize hospitali, waambie alichokunywa, kwa sababu ipo dawa na inategemea kuwahi.

Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, na wengi tulishangilia, kwa sababu mtoto wa shule alikuwa anaweza kununua kilevi kwa bei ya andazi. Lakini kuondoa kifuko hakukuondoa kiu wala umaskini. Kabwela aliyekosa kiroba hakwenda Mikocheni kununua London Dry. Wengine walirudi kwenye gongo. Ndiyo maana nasema chupa halali ya bei ya wastani, yenye lebo ya kweli, ni jambo la afya ya watu. Watu tunaowacheka kwa kushika Konyagi mkononi wanafanya uamuzi wenye akili kuliko sisi tunaotafuta "za nje" mlango wa nyuma ili tupige nazo picha.

NILICHOJIFUNZA

Nikamwambia shangazi ukweli mbele ya watu wote. Nikasema ile makala niliandika baada ya kupewa chupa na bahasha, na sikusoma lebo. Kikao kikanyamaza. Shangazi akakunja kile kipande cha gazeti, akakirudisha mkobani, akasema, "Mwanangu, mimi nilikikata kwa sababu kina jina lako. Kitabaki. Ila nunua hiyo unayoijua."

Wadau, maneno hayo yalinichoma kuliko matusi.

Tulinunua kwa mchanganyiko: katoni za kinywaji chetu kwa ajili ya tonik, na chupa chache za London Dry ya chupa mbaya kwa wale wanaokunywa kavu. Kila chupa tuliihakiki, tukachukua na risiti ya EFD. Fedha iliyobaki ilikwenda kwenye maji ya kunywa na kwenye gari la kuwarudisha watu makwao usiku. Yule jamaa wa mlango wa nyuma alinuna mpaka siku ya harusi. Alinuna huku glasi iko mkononi.

Kwa hiyo, ukisimama mbele ya shelfu, anza nyuma ya chupa. Soma asilimia, soma ujazo, angalia kama ni jini au likeri, hakiki stempu, piga hesabu. Ukimaliza ndipo uangalie mbele, na kama bado unaipenda chupa yake, inunue, fedha ni yako. Kama una chini ya miaka 18, pita moja kwa moja kwenye juisi. Na kama unaendesha, hesabu zote hizi hazikuhusu usiku huo.

Na kwetu sisi waandishi: tukialikwa kwenye uzinduzi, tule, lakini tugeuze chupa. Bahasha ya mwisho niliyopokea ilikuwa na shilingi 30,000. Nimeshaitafutia hesabu yake: ni bei ya aya nane na imani ya shangazi mmoja. Sikupata faida.

Mwenye hoja tofauti alete, hasa mwenzangu yule wa glasi mbili. Nawasilisha.